Miezi Saba ya Kelele Tatu

Mwezi uliopita nilienda mtaa wa Makina kununua kitenge, miguu ikanipeleka yenyewe hadi pale nyumba yetu ilipokuwa. Sasa ni barabara ya lami. Nilisimama kando, pikipiki zikinipigia honi, nikijaribu kukadiria kitanda cha Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, kilikuwa wapi hasa. Katika chumba hicho, rafiki yangu, kuliwahi kuwa na bendi ya panki, ule muziki wa gitaa za fujo na kupiga mayowe. Usicheke. Mwimbaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa kidato cha pili. Jumamosi Kukhu akishaenda sokoni kuuza omena, nilichota maji, nikafua, kisha nikamngoja binamu yangu atembee kutoka Kabiro, kule Kawangware, gitaa limefungwa ndani ya gunia. Alikuwa akifanya kazi kwenye cyber, duka la intaneti, na huko ndiko alikoona video za panki.

"Maze, hawa wasee hata hawajui kupiga gitaa," aliniambia, "na watu wanaruka tu. Sisi tunangoja nini?"

Mpiga ngoma alikuwa binti wa jirani yetu, fundi wa masanduku ya bati. Msichana mpole, hata amina yake kanisani ilikuwa haisikiki. Babake alimtengenezea ngoma kwa mikebe mikubwa ya rangi, na siku ya kwanza alipozigonga, kuku wa ploti nzima walitoroka. Gitaa tuliliunganisha kwenye redio ya Kukhu, ikakoroma kama mtu mwenye mafua. Mama wa chapati, aliyekaa upande wa pili wa ukuta, aligonga bati kwa mwiko: "Kelele moja naweza vumilia, lakini tatu!" Tukapata jina hapo hapo.

Wimbo wetu mkubwa ulihusu foleni ya maji, na haukumaliza dakika mbili. Tuliuimba siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi. Waya wa gitaa ulikatika, mimi nikasahau maneno nikabaki kupiga nduru. Kisha mwanamke mmoja huko nyuma akaita, "Rudia hapo kwa mitungi!" Tukarudia mara tatu. Baadaye mwalimu wa muziki alituita kando, nikajua ni adhabu.

"Mmekasirikia nani?" akauliza.

"Sijui, mwalimu."

"Basi jueni. Lakini msiache."

Kukhu naye hakutuficha. "Hii ni wimbo ama mko wagonjwa?" Hata hivyo, kila Jumamosi alituachia uji kwenye thamosi, na vikombe vitatu kando yake.

Kisha milango ikachorwa alama nyekundu za X. Barabara ilikuwa inakuja. Asubuhi ya mwisho watu walipanda juu ya paa zao wenyewe kung'oa mabati kabla ya tingatinga kufika. Binamu alikuja kutusaidia kubeba vitu. Kukhu aliketi nje juu ya godoro lililokunjwa, halii. Tulipotoa ngoma, akainua kichwa.

"Pigeni."

"Nini, Kukhu?"

"Hizo kelele zenu. Nimeishi hapa tangu mamako hajazaliwa. Sitatoka kimya kimya."

Stima ilikuwa imeshakatwa, gitaa halikusikika. Binti wa fundi akaanza, nami nikaimba hadi koo likaniuma. Wanaume waliokuwa juu wakaanza kugonga mabati kwa nyundo, wakifuata ngoma. Mama wa chapati akapiga vigelegele. Na Kukhu, ambaye miguu ilimsumbua miaka yote niliyomjua, akasimama, akakaza leso kiunoni, akayatikisa mabega kama watu wa kwao wanavyocheza harusini. Alicheza huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Hatukupiga tena; bendi yetu iliishi miezi saba tu. Kukhu alirudi kwao Kakamega, na mwaka uliofuata tukamzika huko. Familia ya fundi ilihama, namba yao haikushika tena. Binamu bado yuko Kabiro, ana duka la simu na watoto wawili. Hakuna aliyeturekodi, kati yetu hakuna aliyekuwa na simu ya kufanya hivyo.

Binamu hunitania kwamba tungefika mbali. Mimi huwaza kwamba tulifika. Nilimwona nyanya yangu akicheza mara moja tu maishani, na sisi ndio tuliokuwa tukimpigia.