Salio la Mjomba Kwenye Kikundi cha Harusi

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua. Walisema mtu aliyezoea kufungulia wageni lango huko Ghuba ya Uarabuni hawezi kulinda pesa za watu wa Nairobi, kwamba matapeli wa mjini watanipangusa nikiwa nimesimama kwenye kaunta yangu, na kwamba kibanda changu cha wakala wa pesa za simu pale mtaa wa Satellite kitaishia kuuza mayai ya kuchemsha. Aliyeongoza kwaya hiyo ni mjomba wangu, afisa mstaafu wa serikali anayeishi kwenye ghorofa Kilimani. "Diploma ya jioni," alikuwa akisema, kana kwamba elimu huchacha jua likizama.

Naam, niliisomea jioni. Mchana nililinda mlango wa jengo la ofisi, nikitoka kazini nikaingia darasani kusomea usalama wa kompyuta, na nikapata cheti ambacho hakuna hata mmoja wa wacheshi wale angeweza kukipata. Nilirudi nyumbani na cheti hicho pamoja na akiba isiyotosha, nikakopa kwa jamaa. Walinikopesha, hata Mjomba, kwa sura ya watu wanaochangia mazishi kabla mgonjwa hajafa.

Kibanda kilisimama. Sijawahi kutapeliwa, na nasema hivyo bila aibu yoyote ya kujisifu. Mteja akinionyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametuma pesa, mimi huangalia simu yangu. Hiyo si elimu kubwa, lakini nimeona mawakala wenye shahada wakilia kwa kukosa hiyo tu.

Kisha ikaja harusi ya binamu yangu. Ikaundwa kamati, na kikundi cha kamati kwenye simu, na Mjomba akawa mweka hazina. Michango yote ilitumwa kwenye laini yake. Sasa kuna desturi tuliyo nayo ambayo sijaona ujinga uliovaa nguo nadhifu kuishinda. Mtu akitoa mchango, haandiki tu kwamba ametuma. Huchukua ujumbe wote wa kampuni ya simu na kuubandika kwenye kikundi ili aonekane. Mule ndani mna jina, namba, kiasi, saa, na mwishoni salio lililobaki. Wenye salio dogo hufuta mstari wa mwisho kabla ya kubandika. Wenye salio kubwa huuacha.

Mjomba aliuacha. Alikuwa amemlipa mpishi malipo ya kwanza, akabandika ujumbe mzima, na salio lake likasomwa na ukoo wote, na wapambaji, na waimbaji, na marafiki wa marafiki ambao hakuna aliyejua waliingizwa na nani. Nilimpigia faraghani.

"Anko, futa ule ujumbe."

"Kwani kuna mtu hajui niko na pesa?"

"Walijua uko nazo. Sasa wanajua ni ngapi na ziko kwa laini gani."

"Wewe shughulika na kibanda," akasema. "Na Jumapili uje Kabiria kwa mama yako mdogo. Wale waliokukopesha wanataka kuongea."

Nilijua maongezi yenyewe. Mjomba alikuwa amewashawishi kwamba ninazama, na kwamba heri wachukue kilichobaki kabla sijakizamisha. Pesa zao ndizo zilizokuwa zikizunguka kibandani. Wakizidai zote kwa pamoja, ningefunga mlango siku hiyo hiyo, na utabiri wao ungetimia kwa mikono yao wenyewe.

Basi Jumapili baada ya kanisa tukakaa sebuleni kwa mama mdogo, chai mezani, kila mkopeshaji na uso wake wa kesi. Mjomba akasimama. Alizungumza vizuri, kama wanavyozungumza watu waliolipwa miaka mingi kwa kuzungumza. Ila kila baada ya muda aliitazama simu yake, akaitikisa, akaiinua kuelekea dirishani.

"Network ya Kabiria ni bure kabisa," akasema.

"Imepotea saa ngapi?" nikamuuliza.

"Tangu tukiwa kanisani. Usibadilishe mada."

"Anti, wewe uko na network?"

Mama mdogo akaangalia simu yake. "Imejaa."

"Na mimi imejaa, na sote tuko kampuni moja. Anko, laini yako haijapotea. Kuna mtu ameomba kadi mpya kwa jina lako, na sasa iko kwa simu yake."

Mjomba akacheka, akawatazama wengine wacheke naye. Hawakucheka. Michango ya harusi yote ilikuwa kwenye laini ile.

Nilichukua simu ya mama mdogo nikapigia huduma kwa wateja, nikafungua spika ili wote wasikie, nikampa Mjomba aongee. Msichana wa upande wa pili alimuuliza namba ya kitambulisho, akaitaja. Akamuuliza mwaka wa kuzaliwa, akautaja. Kisha akamuuliza mara ya mwisho alimtumia nani pesa, na kiasi gani.

Mzee yule aliyekariri sheria za utumishi hakukumbuka hata jina la mpishi.

"Subiri," akasema mama mdogo, akinipokonya simu yangu mkononi. "Si uliweka kwa grupu?" Akapandisha kikundi cha harusi, akasoma kwa sauti: jina la mpishi, kiasi, hadi senti.

"Sawa kabisa," akasema msichana. Akaifunga laini ya Mjomba isitumike.

Nadhani hata aliye mgumu zaidi pale alikuwa ameelewa kwamba mwizi alijibu swali lile lile, kwa kusoma pale pale. Namba ya kitambulisho si siri mjini hapa, tunaiandika kwenye daftari la mlinzi kwenye kila jengo tunaloingia. Nimeshika daftari kama hilo, najua. Na namba ya siri ya Mjomba, alikiri kwa sauti ndogo, ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, aliotutangazia sote kwenye kikundi hicho hicho cha harusi alipotimiza miaka sitini.

Tulipigia benki pia, wakazuia akaunti yake. Mwizi alikuwa amewahi kutoa kiasi kidogo tu. Mjomba alikifidia mwenyewe na harusi ikafanyika.

Mama mdogo akamimina chai upya. "Haya," akasema, "tulikuwa tunasema nini juu ya kibanda?"

"Tulikuwa tunasema anazama," nikamjibu kwa niaba ya mjomba.

"Wewe nawe nyamaza, umeshinda," akasema. "Anko yako akunywe chai. Wewe endelea na kazi, utatulipa ukiwa tayari."

Nikawa tayari mapema kuliko walivyofikiri. Siku niliyowalipa nilikaa kwenye kaunta asubuhi, kabla ya wateja, nikamtumia kila mmoja chake chote na kitu cha shukrani juu yake. Mjomba nilimwacha wa mwisho makusudi. Nilizitazama zile jumbe moja baada ya nyingine, na salio langu chini yake, salio ambalo mimi ninayejisifu nasema lilikuwa zuri. Kikundi cha ukoo kilikuwa wazi mbele yangu. Nani kati yao asingestahili kuliona?

Sikubandika chochote. Baadaye kidogo Mjomba aliandika kikundini kwa maneno yake mwenyewe: "Kijana amenilipa yote. Kiasi si kazi yenu."