Mtandao wa nyumbani ulikuwa unakata, nikamsingizia jirani

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi kwenye jukwaa hili ni msomaji tu, kuandika naogopaga. Leo naandika kwa sababu hiki kisa kimetokea sebuleni kwangu, na sehemu yenye aibu nitaiweka vilevile. Chumvi siongezi.

Niko Musoma, Kamunyonge. Nafundisha jiografia sekondari moja upande wa Suguti. Si mtu wa IT. Ila nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: kitu kikiharibika, kabla hakijatengenezwa nataka nijue kimeharibikaje.

Mke wangu Veronika ni muuguzi kwenye zahanati moja huko Butiama, anaenda na kurudi. Mwaka huu aliomba ufadhili wa kusomea ukunga. Alishaomba mara mbili huko nyuma akakosa. Safari hii akapita mchujo, ikabaki interview ya video.

Sasa laptop yetu.

Ni used, tuliinunua Bunda kwa mtu aliyekuwa anafunga stationery yake. Shida yake ilikuwa kuwaka. Unabonyeza power, unaenda kuoga, unachemsha chai, unarudi kiduara bado kinazunguka. Nilipima kwa simu: dakika kumi na moja.

Nikaipeleka Bunda kwa fundi. Hata hakuifungua.

"Hii tupige Windows upya, mwalimu."

"Lakini tatizo lake ni nini?"

"Tatizo lake imechoka."

Jibu hilo halikuniingia. Nikarudi nayo nyumbani.

Nikafungua Task Manager, sehemu ya Startup. Wakuu, nilikuta programu kumi na nne zinajiwasha zenyewe, nyingine za printer ambazo hatujawahi kuwa nazo. Nisizozijua nikazigoogle moja moja kabla ya kuzizima. Nikarestart. Dakika tisa.

Halafu nikaona kitu. Kule kwenye orodha ya drive kulikuwa na moja imeandikwa Z, ina alama nyekundu ya X. Kumbe ilikuwa folder ya mtandao wa ile stationery. Yaani kila asubuhi laptop yangu ikiwaka inaitafuta kompyuta ya dukani Bunda, inasubiri ijibiwe, ikichoka ndiyo inaendelea na mambo yake. Na duka lenyewe limeshafungwa!

Nikaiondoa. Dakika sita.

Kilichobaki kilikuwa hard disk. Task Manager ilionyesha inatumika asilimia mia hata nikiwa sijagusa kitu. Nikarudi kwa fundi yule yule, safari hii jibu ninalo mimi. Akaweka SSD, yaani diski mpya ya kasi, akahamishia kila kitu. Sekunde thelathini na tano!

Fundi akacheka, "Mwalimu, wewe njoo tufanye kazi hapa."

Wakuu, ile sifa ndiyo iliyoniponza. Mtaona.

Ikafika siku ya interview, saa nne asubuhi. Veronika kavaa sare yake nyeupe ya kazi, kakaa mezani chumbani. Mimi nimesimama mlangoni. Mama yangu, aliyekuja kutoka Murangi kutibiwa macho, yuko sebuleni.

Wasaili watatu wakatokea kwenye kioo. Swali la kwanza akajibu vizuri. La pili, katikati ya jibu, picha ikaganda. Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa, ila inasema hakuna intaneti. Nikakimbilia hotspot ya simu, lakini chumbani kwetu mtandao wa simu unashikaga mstari mmoja. Tuliporudi hewani walishaita mtu mwingine.

Veronika hakulia. Alifunga laptop taratibu. "Mara ya tatu hii, Baba Debora." Akaenda kuvua sare.

Akawaandikia email kuwaomba. Wakampa nafasi nyingine, wiki moja mbele. Wakasema ni ya mwisho.

Hapo mimi nikawa na jibu kichwani, na safari hii sikupima chochote.

Jirani yetu Mama Pendo ni fundi cherehani. Password tulimpa wenyewe, kwa hiari yetu. Nikatoka moja kwa moja mpaka kibarazani kwake, na wateja wake wawili wamekaa pale.

"Mama Pendo, wewe ndiyo unatumalizia mtandao. Mke wangu amekosa interview kwa sababu yenu."

"Mimi naongeaga na Pendo tu, baba. Unajua yuko Mwanza, ana mimba kubwa."

Sikumsikiliza. Nilirudi ndani nikabadilisha password.

Kesho yake mtandao ukatulia kutwa nzima. Nikamwambia Veronika, "Umeona?"

Keshokutwa ukakata mara tatu.

Ndipo nikachukua daftari, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nikawa naandika saa na hali. Asubuhi mapema, safi. Saa nne, umekata. Mchana ukarudi wenyewe. Jioni ukakata tena. Halafu kulikuwa na jambo la ajabu kuliko yote: mvua ikinyesha, mtandao unakuwa safi kabisa. Nyinyi mmewahi kusikia intaneti inayopenda mvua? Nilikaa naliangalia lile daftari kama ramani ya nchi nisiyoijua.

Mama akaniuliza, "Unaandikaga nini hicho?"

"Natafuta kinachokata mtandao, mama."

"Mimi nikiwasha TV ndiyo mnaanzaga kelele. Nilijua mnaichukia kwaya yangu. Siku hizi si naiwekaga sauti ndogo?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Mama anaogopa radi. Akiona wingu tu kutoka ziwani, anazima extension ya TV pale kwenye swichi ya ukutani, kama anavyofanyaga kila akimaliza kuangalia. Na ile siku mtandao ulipotulia, mama alishinda kliniki ya macho!

Nikakaa na laptop. "Mama, zima." Nikafungua ukurasa wa settings wa router. Ukaja ule wa bluu niliouzoea. Nikamwambia, "Haya, washa." Nikasubiri kidogo, nikaizima Wi-Fi ya laptop na kuiwasha, nikafungua anwani ile ile.

Ukaja ukurasa wa kijani. Router nyingine kabisa.

Wakuu, niliinuka nikavuta meza ya TV. Nyuma yake, katikati ya vumbi, kulikuwa na router yetu ya zamani, taa zote zinawaka, imechomekwa kwenye extension moja na TV.

Nani aliiweka pale? Mimi.

Ile Jumapili niliyotoka Bunda na sifa zangu, niliona niboreshe na Wi-Fi ifike vizuri chumbani. Nikaitoa router ya zamani kabatini, nikaiunganisha kwa waya na mpya, nikaona haijasaidia kitu. Nikaiacha, nikasahau kabisa kama ipo.

Kwa wasiojua: router zote mbili zilikuwa na anwani moja, na zote zinagawa namba kwa vifaa vya ndani. Laptop ikidakwa na ile ya zamani, inaoneshwa mlango ambao nyuma yake hakuna intaneti. TV ikizimwa kwenye extension, router ya zamani inazimika, mambo yanarudi. Dawa ilikuwa kuchomoa waya mmoja. Ukitaka kuzitumia zote mbili, ile ya pili unaipa anwani tofauti na unazima DHCP, yaani kule kugawa namba.

Nikamwita Veronika nikamwonyesha. Nilitegemea afurahi. Akaniuliza, "Mama Pendo umeshamwambia?"

"Nitamwambia interview ikipita."

"Nenda sasa hivi. Mtoto wake ni wa kujifungua muda wowote na wewe umemkatia. Mimi siwezi kukaa pale niwaambie nataka kuwahudumia wajawazito."

Nikaenda. Mama Pendo alikuwa anashona, hakusimamisha cherehani.

"Mama Pendo, kosa lilikuwa langu. Kifaa kilichokuwa kinakata mtandao niliweka mimi mwenyewe."

Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Pendo alijifungua Jumanne," akasema. "Kule wanapigaga WhatsApp tu. Walinitafuta wanionyeshe mtoto, hawakunipata. Mimi nimeambiwa kesho yake sokoni, na shangazi yake. Watu wote walishamwona."

Nikatoa karatasi yenye password mpya, nikaiweka pembeni ya cherehani.

"Nimekusamehe, Baba Debora. Kweli nimekusamehe. Ila hiyo karatasi rudi nayo. Nimeshazoea bando langu."

Siku ya interview ya pili, Veronika kabla hajakaa alimwambia mama, "Mama, washa kwaya yako, na sauti weka." Mimi nikachungulia tena nyuma ya meza ya TV, kuhakikisha ule waya nimeuchomoa. Kwaya ikaimba mwanzo mpaka mwisho, na picha haikuganda hata mara moja. Alitoka chumbani jasho linamtoka, anacheka. Wiki tatu baadaye wakamjibu: amepata. Mama Pendo ndiye anamshonea sare za chuo, na mimi akiniona ananisalimia vizuri tu.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu kikianza kusumbua, jiulize kwanza wewe ulibadilisha nini siku za karibuni. Laptop niliipima wiki nzima kabla ya kuilaumu. Jirani yangu sikumpa hata dakika moja.

Wataalamu mkiona nimekosea kwenye maelezo ya router, nisahihisheni bila kuoneana haya.

Ila swali langu kubwa si la router. Kila nikifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, simu ya Mama Pendo haipo. Aliyewahi kumkosea jirani hivi, akasamehewa kwa mdomo lakini kitu hakikurudi kama zamani, alifanyaje? Niambieni, nasoma zote.