Filimbi ya Mgambo

Mume wa jirani yangu ni mwanajeshi. Alipopelekwa na wenzake kusaidia kulinda nchi ndogo tunayopakana nayo, mkewe alitembea kijiji chetu chote cha Ulemo kama vile yeye ndiye aliyeombwa msaada. Redio ilisema kuna makubaliano: wakishambuliwa wao, tumeshambuliwa sisi. Mimi wangu ni mgambo tu, analinda mnada kwa rungu na filimbi. Nikaona wivu.

Kabla ya kuondoka, mwanajeshi alimwambia mume wangu, "Kaka, niangalizie nyumba." Basi na sisi tukawa na makubaliano yetu. Mume wangu akampa mama yule filimbi yake ya kazi, akisikia kitu apulize.

Akapuliza kweli! Mbwa akibweka, anapuliza. Upepo ukitikisa bati, anapuliza. Na mume wangu, ambaye kwangu haamki mpaka nimvute shuka, akaanza kulala na buti miguuni. Nilipomuuliza ni utayari gani huo, akanijibu, "Mama watoto, ulinzi ni ujirani."

Juzi filimbi ililia tukiwa tunakula. Akaacha tonge, akakimbia. Punde mbuzi wetu wakaanza kupiga kelele zizini. Fisi! Nikashika mchi, nikatoka peke yangu, nikamfukuza huku nikimtukana kwa Kinyiramba. Yule fisi sikumtukana peke yake.

Mume wangu aliporudi akauliza kuna nini.

"Tumevamiwa," nikamwambia. "Majeshi yetu yote yalikuwa kwa jirani."