Upande wa Kulia wa Baba

Juzi mjukuu wangu, anayesomea udaktari, alinionyesha mchoro wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Mshipa wa fahamu unaochezesha misuli ya uso hupita katikati yake, kisha hutawanyika kwenda jichoni na mdomoni. Nikaikumbuka nyumba yetu ya Hockley, kule ughaibuni.

Baba alikuwa amevimba hapo hapo, upande wa kushoto. "Matubwitubwi tu hayo," mama alisema, akakwangua masizi ndani ya dohani akampaka, kama walivyopakwa wao utotoni Unguja. Chumba kizima kilinuka moshi. Uvimbe haukuondoka.

Alasiri aliyorudi kutoka hospitali nilimkimbilia mlangoni. Bendeji yake ilinuka dawa. "Njoo, mwanangu," alisema, maneno yakimvujia pembeni mwa mdomo. Alipotabasamu, upande mmoja wa uso ulitabasamu. Mwingine ulinitazama tu, jicho wazi, halipepesi. Nilidhani amenikasirikia, lakini nusu. Hakuna aliyenieleza kwamba mshipa ule ulikatwa pamoja na uvimbe.

Mezani nikahamia kulia kwake, upande uliokuwa bado unanipenda. Baba alikitazama kiti nilichokiacha.