Gari la Kijani Linatangulia

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Mama Viti huvuka ua kwenda kutia ufunguo saa ya gari. Saa yenyewe ni ndogo, ya duara, imezama kwenye dashibodi, na si ya betri. Ina kitufe cha kuzungusha kwa vidole, mizunguko kumi na miwili, ukizidisha unaikata springi. Ukiruka siku moja, inasimama. Basi hufungua mlango wa gari la kijani taratibu ili usilie, hukaa kwenye usukani, huzungusha huku akihesabu kwa midomo. Akimaliza hatoki papo hapo. Huweka mikono yote miwili juu ya usukani na kutazama ukuta wa ua ulio mbele yake, kama mtu anayetazama barabara. Kisha hushuka, hufunga mlango, na kwenda kwenye cherehani.

Jina la Mama Viti alilipata kwa kushona viti vya magari. Gari la zamani likichakaa viti mpaka springi zinachungulia nje, mwenyewe huambiwa ampelekee yule mama. Kidole gumba chake kina sugu pale mkasi unapokaa. Marehemu mumewe alimwachia vitu vitatu: binti mmoja, gari lile la kijani lenye taa za mviringo, na shemeji fundi makanika ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa breki. Gari lilikaa miaka bila injini, kuku wakitagia kwenye buti. Shemeji alilifufua kidogo kidogo, leo bomba, mwezi ujao klachi, na mwaka wa kisa hiki likawaka. Siku lilipowaka Mama Viti alikwenda kufukuza kuku.

Wateja wake wengi walikuwa wa chama cha wapenda magari ya kale, na chama kilikuwa na safari yake moja kwa mwaka waliyoiita Kesha. Magari ishirini na manne huondoka uani kwa Mama Viti saa kumi na mbili jioni, yanakwenda usiku kucha kilomita mia nne, na kufika saa mbili asubuhi kwenye hoteli moja mlimani, ambako madereva hunywa chai na kusifiana uongo. Hayo si mashindano ya mbio. Gari lililozaliwa kabla ya dereva wake halikimbizwi. Anayeshinda ni yule anayefika kila kituo kwa saa iliyoandikwa, bila kuwahi wala kuchelewa. Na simu zote hutiwa kwenye bahasha zikafungwa kwa gundi, maana utamu wote uko kwenye kutafuta njia kwa kitabu.

Kitabu hicho aliyekiandika ni Mama Viti. Kila mwaka kurasa kumi na nane, mstari kwa mstari: kilomita fulani, tangi la maji, shika kushoto, kilomita fulani, mti uliokatwa nusu, punguza mwendo, mbele kuna shimo. Dereva hutazama mita ya gari lake inayohesabu kilomita, hutazama kitabu, na kukata kona. Miaka yote alipima njia kwa pikapu ya Shemeji. Mwaka huo, kwa kuwa gari la kijani lilikuwa linatembea, alipima mwenyewe Jumapili tatu mfululizo, mchana kweupe, kalamu sikioni, na kila aliporudi nyumbani binti yake alimkuta anaimba jikoni.

Lakini Kesha lenyewe hakuwahi kulikesha barabarani. Miaka kumi na moja alikaa mezani, pale kwenye chumba cha kushonea, na simu ya mezani na karatasi ya majina. Watu wa vituoni wakipiga, yeye anatia alama. Gari likichelewa, ndiye anayejua litafutwe wapi. Kila mwaka alimwomba Mwenyekiti naye aende, na kila mwaka Mwenyekiti, mwenye duka la rangi na moyo mwema kabisa, alimjibu kwamba bila yeye mezani hata mke wake hatamruhusu kutoka nyumbani. Avumilie, mwakani.

Safari hii neno hilo lilikuwa limeanza kumchoma. Mwezi uliopita daktari wa macho alimmulika kila jicho kwa zamu, akavuta pumzi, akamwambia kwamba kuendesha usiku kwa mwaka huu hakuna tatizo. Mwakani watazungumza. Mama Viti aliielewa ile watazungumza. Alirudi nyumbani akamwomba Mwenyekiti kwa mara ya kumi na mbili, akajibiwa vilevile, akashika mkasi wake.

Siku ya Kesha, saa tisa mchana, alikuwa anamalizia kiti chekundu cha mteja wakati Mfamasia, mmoja wa madereva wa chama, alipoingia uani na gari lake jeupe. Mfamasia ni mtu wa kuwahi. Anaishi ng'ambo ya daraja la chuma, na daraja hilo ndilo kituo cha kwanza cha Kesha. Alipewa chai, akaketi juu ya rundo la sponji, akaanza kusimulia jinsi gari lake linavyokunywa mafuta kwa adabu. Halafu akasema, kama mtu anayesifia mtoto, kwamba kutoka darajani hadi getini hapa mita yake imesoma arobaini na moja kamili, haikuzidi hata nukta.

Cherehani ikasimama.

Mama Viti alikijua kitabu chake kwa moyo. Ndani yake, kutoka getini hadi darajani ni kilomita thelathini na nane na nusu. Barabara ni hiyohiyo moja. Aliweka mkasi chini, akatoka bila kuaga, akainama kando ya gari la kijani na kusoma tarakimu zilizochorwa ubavuni mwa tairi. Kisha akaenda pale ambapo miguu miwili ilikuwa imetokeza chini ya gari jingine, akaigonga kwa kiatu. Akauliza kama matairi aliyowekewa ni saizi ileile ya zamani.

Shemeji alijibu kutoka chini. Saizi ya zamani haipatikani hata makumbusho, kwa hiyo alimwekea kubwa kidogo. Kwani kuna ubaya gani, si limempandisha cheo, sasa anawatazama majirani kwa juu.

Akaendelea kucheka peke yake mpaka alipoona Mama Viti haondoki. Ndipo akajiburuza nje, akamtazama usoni, na kicheko kikamwishia njiani.

Tairi kubwa likizunguka mara moja humeza barabara ndefu zaidi. Mita haioni barabara, inahesabu mizunguko tu. Jumapili zile tatu, gari la kijani lilikuwa linamdanganya Mama Viti kwa upole: kila kilomita arobaini na moja limeandika thelathini na nane na nusu. Kitabu kizima kilikuwa kifupi. Dereva akiambiwa akate kushoto, atakuwa bado hajafika kwenye kona. Atakata kushoto aingie sebuleni kwa watu. Na mpaka mlimani atakuwa amepungukiwa kilomita kama ishirini na tano, usiku, simu iko ndani ya bahasha.

Hakuna mtu mwingine ambaye angefanya kosa hilo, kwa sababu hakuna mwingine aliyependa kupima njia kwa gari lake mwenyewe kiasi kile.

Binti alifika saa tisa na nusu kutoka kwenye duka lake la kuchapa, amebeba boksi la vitabu ishirini na vinne, vimefungwa waya ubavuni, bado vina joto la mashine. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake na bendera ya chama. Mama Viti aliwakalisha kwenye chumba cha kushonea akawaambia mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba kosa ni lake. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani.

Walitafuta njia. Binti alihesabu haraka: tarakimu ni zaidi ya mia tatu, kila moja ipigiwe hesabu, ichapwe upya, ifungwe, watamaliza usiku wa manane. Mfamasia akatoa wazo kwamba kila dereva apewe namba moja ya kuzidishia, apige hesabu mwenyewe huku anaendesha. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba mwaka jana yeye Mfamasia alishindwa kutoa saba kwenye kumi na tano akiwa amesimama kwenye taa. Mwisho Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta na ncha ya bendera, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba itabidi Kesha liahirishwe. Mwakani, Mungu akipenda.

Neno lile lilipoanguka, Mama Viti alitazama sakafu. Chini ya cherehani kulikuwa na lundo la vipande vya ngozi nyekundu, masalia ya kile kiti alichokuwa anashona. Alivitazama kwa muda.

Shemeji alikuwa ameegemea mlango akisugua mikono kwa tambara. Akasema yeye haoni kosa lolote kwenye kitabu. Kitabu kiko sawa kabisa, ila kiko sawa ndani ya gari moja tu duniani, na gari lenyewe liko hapo nje.

Mama Viti akainua kichwa. Aliuliza kona ni ngapi, akajijibu mwenyewe: sitini na mbili. Akainama, akaokota kipande cha ngozi, akakinyoosha mbele ya taa mpaka wekundu wake ukang'aa. Gari la kijani litangulie saa nzima, akasema, likifuata kitabu chake. Kwenye kila kona lisimame, lifunge kipande chekundu kwenye nguzo au kwenye tawi. Wengine waje nyuma. Kitabu kiwaambie cha kufanya, ngozi iwaambie mahali. Saa za vituoni zibaki zilivyo.

Mwenyekiti alifurahi mpaka akagonga meza. Akampiga Shemeji begani, akamwambia akanawe mikono, ataendesha yeye. Na Mama Viti akae mezani kama kawaida, kazi iende.

Mfamasia alitazama ndani ya kikombe chake. Shemeji alijua kila nati ya gari lile, mafuta yake yalikuwa yamemkaa chini ya kucha miaka minne, na kila mtu chumbani alijua kwamba anatamani kuliendesha usiku kama mtu anavyotamani maji. Alikunja lile tambara mara mbili, akaliweka mfukoni.

"Mimi nikishika usukani ule, marehemu kaka atakuja kunitoa kwa sikio," alisema. "Mimi ni wa kusoma kitabu na kula karanga. Dereva wake mnamjua."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Viti, akaanza kusema kuhusu meza. Yeye akamsubiri amalize. Hakupandisha sauti.

"Daktari wa macho ameniambia mwakani. Wewe nawe huniambia mwakani kila mwaka. Mimi, Mwenyekiti, mwakani sina. Nina leo."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kuuza rangi, anajua ukuta ukishakauka hauguswi. Akauliza kwa sauti ndogo, sasa mezani atakaa nani. Akageuka kuangalia kiti, akakuta kina mtu. Binti alikuwa ameshakaa, karatasi ya majina iko mbele yake, anajaribu kalamu kwenye kiganja. Akauliza kama gari likichelewa bado anatia duara au siku hizi ni mstari.

"Duara," mama yake akasema. "Likizidi nusu saa, piga kituo cha nyuma kwanza. Usianze na cha mbele."

"Najua, Mama. Nimekuona tangu nina miaka tisa."

Basi kazi ikaanza. Mama Viti alikata ngozi kwa mkasi mkubwa, vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Mfamasia alihesabu, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini, Binti akahesabu tena. Mwenyekiti aliomba naye akate. Vipande vyake vilitoka kama mikia ya panya, Shemeji akavipanga pembeni akisema hivyo ni vya kona za wenyeviti. Walifika sabini na viwili, kumi vya akiba. Wakavitia kwenye mfuko wa unga.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, Mama Viti alinawa uso, akafunga kitambaa cha kichwa upya, akakaza fundo. Alipita kando ya meza. Juu yake kulikuwa na kikombe chake cha chai, kimenyweka nusu, na mto mdogo wa kiti alioushona mwenyewe mwaka wa pili wa Kesha, mgongo ulipoanza kumuuma. Alimgusa Binti kichwani. Hakuketi.

Alipokuwa mlangoni Binti akamwita, ameacha miwani ya kusomea.

"Ya nini? Leo anayesoma ni baba yako mdogo."

Uani, Shemeji alikuwa ameligeuza gari. Ule ukuta haukuwa tena mbele ya kioo. Mbele kulikuwa na geti, na geti lilikuwa wazi, na madereva waliokuwa wanaanza kuwasili walikuwa wamepaki pande zote mbili, wameacha njia katikati, baadhi wakiwa wamevua kofia bila kuambiwa. Mama Viti alikaa kwenye usukani. Aliitazama saa ndogo ya dashibodi. Ilikuwa inatembea vizuri, asubuhi alishaizungusha.

"Sifuri," Shemeji akasema, kidole kwenye mita. Kinywani tayari kulikuwa na karanga. "Getini, shika kulia. Kuna mama mmoja kaandika hapa kwa mkono mbaya sana."

Mama Viti akatia gia. Gari la kijani likatikisika, likakohoa mara moja kwa heshima, likatoka. Kipande cha kwanza cha ngozi nyekundu kikabaki kinapepea kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe.

Kule mezani Binti alitia alama ya kwanza, akanywa ile chai iliyobaki, akauvuta ule mto mgongoni kwake. Hakuna aliyekuja kuuomba. Mama Viti alirudi salama kutoka mlimani, lakini kiti kile hakukirudia tena, wiki ile wala mwaka uliofuata.