Gunia Lililobaki Nje ya Mlango wa Bibi

Wiki chache zilizopita nilishuka Segese mchana, na kabla sijavuka barabara harufu ya karanga za kukaanga ikanifikia kutoka kwenye sinia la mama mmoja. Wewe pengine ungemeza mate. Mimi nilibana pumzi, nikahamia upande wa pili, nikacheka peke yangu. Bibi yangu angenisifu.

Ndiye aliyenilea hapo hapo Segese, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoshinda ikisikia makarasha yakisaga mawe ya dhahabu. Bibi alishika Sabato. Kwake nguruwe hakuingia, wala kambale, maana Maandiko yanataka samaki mwenye mapezi na magamba. Ijumaa, kabla jua halijazama, chakula cha kesho kilikuwa kimeiva na sufuria zimesuguliwa kwa majivu. Nakumbuka sato wa kukausha, michembe ya viazi vitamu ikichemka, na bibi akiimba kwa Kisukuma huku akipepeta mchele.

Kisha siku moja nikala nsansa kwa mwenzangu. Unaijua: majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa kwa karanga za kutwanga. Usukumani ni nyumba gani haiipiki? Midomo ilivimba, koo likabana, bibi akanibeba mgongoni mbio hadi zahanati. Nilipopona, daktari akamwambia karanga zisinikaribie tena, hata unga wake. Majirani wakanisikitikia, sasa huyu atakula nini? Bibi hakutetereka.

"Nyumba hii imezoea kukataa," alisema. "Tunaongeza kimoja."

Aliyeelewa upesi kuliko hata ndugu zetu ni jirani, mama wa Kiislamu aliyehamia kutoka Kigoma na kuwauzia wachimbaji chapati. Yeye mwenyewe hakula nyama kabla hajauliza nani kachinja. Alinitengea kikaango kisichoguswa na kitu kingine. Bibi naye, akitaka kupika kuku, alimpeleka kwanza kwa mume wa jirani akachinjwe, ili tule wote.

Mtihani ulikuja siku kaka yake bibi alipofika kutoka Kishapu na gunia la karanga begani, mavuno mapya, zawadi ya kaka mkubwa. Bibi alipiga goti, akamsalimia, akampokea fimbo. Gunia hakuligusa.

"Kaka, wewe karibu ndani. Gunia haliingii."

"Nimelitoa Kishapu na jua hili, wewe unalifukuza?"

"Silifukuzi. Karanga zinamuua mtoto huyu."

"Karanga! Mimi na wewe tumekuzwa na nini?"

Akaketi nje kwenye kigoda. Akakataa maji, akakataa ugali. Kwetu mzee kama yule akikataa maji ya dada yake, ukoo mzima utasikia. Lakini bibi mlangoni hakutoka. Ndipo jirani akaja, akainama mbele ya mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Gunia lako nitalitunza kwangu. Hata mlango wangu haupitishi kila kitu, na ndugu zangu bado wananipenda."

Mzee akaniita. "Ng'wana wane, mwanangu, ulijisikiaje siku hiyo?"

Nikamwambia ukweli: nilitaka kumwita bibi, sauti ikakataa kutoka.

Mzee akainuka, akaenda kukung'uta koti lake mbali nami, akaomba sabuni, akanawa mpaka viwikoni. Akaingia ndani, akaagiza maji yake ya kunywa.

Tangu hapo alikuwa mlinzi wangu. Kwenye harusi za Kishapu alisimama jikoni na fimbo yake mpaka sufuria yangu ifunikwe, akiwafokea wapishi kana kwamba sheria ile aliitunga yeye.

Bibi na kaka yake wameshalala kaburini, jirani alirudi kwao Kigoma. Nyumba ilibomolewa; pale sasa wanauza vipuri vya makarasha. Mimi nauliza kila ninapokula, hotelini, msibani, hata ukweni, tena siulizi kwa kunong'ona, na watu hunijibu vizuri. Lakini nikiwa nimesimama mbele ya duka lile nilikumbuka mkeka wa bibi: akisema amina tu, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye sahani, bila kuuliza kitu, na macho bado nimeyafumba.