Nyimbo za Halali za Dada Yangu

Siku ile dada yangu alirudi kutoka kanisani, pale Muyinga, akafuta nyimbo zote kwenye simu yake. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba kunakili wimbo wa mtu bila idhini ni wizi. Jioni akanipigia simu huku Gitega.

"Mdogo wangu, nyumba imekuwa kama ya msiba. Nitafutie nyimbo za bure. Lakini za halali."

Nilidhani ni kazi ndogo. Nikabaki ofisini kwenye intaneti, nikagundua kwamba vya bure vimejaa tele, ila vya bure na halali vinataka subira. Mwishowe nikapata tovuti ambako wanamuziki wenyewe huweka kazi zao na kuandika chini: pakua, sambaza, ila taja jina la mwenye wimbo. Nikamjazia memori kadi: magitaa, vinanda, hata mzee mmoja wa mbali anayepiga mluzi tu. Nikampelekea nilipokwenda kumsalimia.

Sharti lile alilishika kuliko nilivyotegemea. Kila wimbo ulipoanza aliusimamisha, akasoma jina la mwenye wimbo kwa sauti mbele ya wageni. Majina ya Kipolandi yalimtoa jasho. Shemeji yangu, mfanyabiashara wa Kivu Kusini, mtu mpole, aliweka kijiko chini.

"Bon, mi nauliza tu. Leo tunakula na wimbo ya nani?"

"Ngoja, sijamaliza jina lake," dada akamjibu.

Baadaye akaanza kusumbuliwa na jambo jingine: watu wanatupa bure, sisi tumewapa nini? Basi kwaya yake ikaimba wimbo wao mmoja wa Kirundi, nami nikaurekodi kwa simu, mbuzi wa jirani akichangia kwenye ubeti wa pili. Tukawa tunauweka kwenye tovuti ile ile, na tulipofika mahali pa masharti nikamuuliza kama watu waruhusiwe kuupakua. Akakubali. Na kuubadilisha?

Akafikiri. "Waubadilishe. Ila wasiuimbe wamekaa. Ule ni wimbo wa kusimama."

"Dada, sharti kama hilo halimo."

"Basi liandike."

Nikaliandika chini ya jina la kwaya. Siku si nyingi msikilizaji mmoja wa ng'ambo akaacha ujumbe wa shukrani, akauliza kwa adabu kama kuusikiliza akiwa amekaa kunaruhusiwa. Dada alilitafakari swali hilo kutwa nzima, kisha akaniagiza nimjibu kwamba kusikiliza anaweza, mradi asijinyooshe kitandani.